Visanduku

Saa tisa usiku, nimekaa jikoni, Stoke,
koti la kazi sijalivua,
dawa ya sakafu ingali inanuka viganjani.
Kwenye simu kuna kisanduku cha kujaza,
chini yake kisanduku, chini yake kisanduku.
Gari gani? Fiesta.
La mwaka gani? Elfu mbili na kumi na mbili.
Rangi hawaulizi, lakini nitaisema:
buluu ya kanga iliyofuliwa mara mia,
na ubavuni kovu aliloliacha bwana Clifford wa Fenton,
aliyeniuzia huku akilipapasa boneti
kama mbuzi anayepelekwa mnadani.

"Gari la watu," alisema. "Kila mtaa linalo."
Kweli. Nimehesabu kumi na saba
toka kanisa la matofali hadi duka la chipsi.
Nikadhani cha wengi huwa rahisi,
kama mchicha msimu wa mvua.
Kumbe cha wengi hugongwa na wengi,
huibwa na wengi,
na wote hao nawalipia mimi.

Bei ya kwanza: pauni elfu moja mia nane na arobaini.
Gari lenyewe nilitoa mia tisa na hamsini.
Kamba imemzidi ng'ombe.
Nikajaribu bima ndogo.
Ndogo ikaja na bei kubwa kuliko kubwa.
Sikuelewa, na saa ile sikuwa na wa kumwuliza.

Leseni una muda gani? Miezi saba.
Miaka kumi na minane ya Tanga na Korogwe,
nikibeba matenga ya machungwa bila hata mkwaruzo,
haina kisanduku.
Kwao nina umri wa miaka arobaini na mitatu
na nimezaliwa juzi.

Kazi? Nikaandika mhudumu. Bei ikapanda.
Nikaandika mlezi wa wazee, ikashuka pauni kumi na moja.
Sikudanganya: usiku uleule
nilipiga deki, nikalisha uji, nikageuza mgonjwa.

Halafu, kwa udadisi tu, naapa,
nikaweka anwani ya Prisila, ng'ambo ya mfereji.
Pungufu mia mbili na sita!
Mfereji ambao bata anauvuka
bila kuulizwa analala wapi.
Nikaifuta.
Uongo wa bima haudaiwi siku unaposemwa,
hudaiwa siku ya ajali.

Ni Prisila huyohuyo aliyeniambia asubuhi:
"Kubali kile kisanduku cheusi, mwenzangu."
Kinafungwa chini ya usukani,
kinasikiliza breki, kona, mwendo,
kama mama mkwe aliyekaa kiti cha nyuma.
Mia nane na tisini, kwa awamu kumi.
Nikakubali. Jumatatu kazi ilinitaka na gari,
nizunguke nyumba za wazee
kuanzia saa nne usiku.

Mwezi ukaisha, alama zikaja.
Breki tisini na sita. Kona tisini na nne.
Mwendo tisini na nane, nikajipigia kofi.
Wakati wa safari: thelathini na moja.
"Unaendesha mno usiku. Usiku una hatari.
Jaribu kusafiri mchana, ada isipande."

Sawa. Nitamwambia bibi Enid Tunnicliffe,
miaka tisini na moja, mguu mmoja hauamki,
azuie haja mpaka saa moja asubuhi.
Nitamwambia bwana Wilf, anayemwita marehemu mkewe saa nane,
amwite baada ya chai.

Sasa nikiwa njiani huzungumza nacho,
kwa Kiswahili, kizoee.
Ewe wa chini ya usukani, andika:
saa nane na nusu, mvua nyembamba,
barabara haina mtu, mbweha mmoja tu kaingia uani kwa watu.
Taa imewaka nyekundu.
Kushoto hakuna, kulia hakuna.
Nimesimama.
Umeandika?